Kundi la Damu, Umri na Maiti Wasiohesabiwa: Nini Hasa Kiliamua Vifo Wakati wa Korona?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tangu yalipopita maradhi ya korona kuna neno moja limebakia katika vinywa vya watu wetu, barazani, sokoni na ndani ya majumba. Neno lenyewe ni kwamba sisi watu wa visiwani, na Waafrika kwa jumla, maradhi yale hayakutuweza kwa sababu ya damu zetu. Wapo wanaosema kwamba mwenye kundi la damu la O hapati, na akipata hafi. Wengine wanataja jua letu, na wengine chanjo ya kifua kikuu tuliyochanjwa utotoni. Katika maswali yanayotufikia limo hili pia: je, maneno hayo ni ya kweli? Na ikiwa mtu ameyaamini, akaacha tahadhari, kisha akamuambukiza mzazi wake, sheria inasemaje?

Tumeona bora tulizungumze jambo hili sasa, wakati hofu imeondoka na mtu anaweza kusikiliza kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Lakini mwezi wa Mei 2025 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mkataba wa kujiandaa na janga jengine la aina hiyo, na hilo ni dalili kwamba wenye ujuzi hawaoni kuwa mlango umefungwa. Hapa kwetu Tanzania, Januari 2025 serikali ilitangaza maradhi ya Marburg mkoani Kagera, na Machi ya mwaka huo huo wakathibitishwa wagonjwa wa mpox. Maradhi mengine yakija, watu watafanya yale waliyojifunza katika yaliyopita. Wakiwa wamejifunza uongo, watautumia huo huo.

Utafiti wa damu ulisema nini?

Tuanze kwa uadilifu. Suala la kundi la damu halikuzuliwa barazani, bali lina asili ya kielimu. Makundi ya A, B na O aliyagundua daktari wa Austria, Karl Landsteiner, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa ugunduzi huo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakichunguza kama kundi la damu la mtu lina uhusiano na maradhi anayoyapata.

Korona ilipozuka China, mwezi wa Machi 2020 watafiti waliangalia wagonjwa 2,173 katika hospitali za Wuhan na Shenzhen. Waliona wenye kundi A wamezidi kidogo kuliko wanavyotarajiwa, na wenye O wamepungua. Mwezi wa Juni 2020 ukatoka utafiti wa Italia na Hispania uliochunguza urithi wa wagonjwa 1,610 ambao mapafu yao yalishindwa kufanya kazi. Utafiti huo ulionyesha kwamba wenye kundi A hatari yao ya kufikia hali hiyo ilizidi kwa kiasi ya asilimia 45 ukiwalinganisha na wasiokuwa A. Wenye O hatari yao ilipungua kwa kiasi ya asilimia 35 ukiwalinganisha na wasiokuwa O.

Inawezekana kuwapo sababu ya kimaumbile. Wenye kundi O kwa kawaida wana upungufu wa baadhi ya vitu vinavyoifanya damu igande, na wagonjwa wengi wa korona waliozidiwa waliganda damu mapafuni. Kwa hivyo jambo lenyewe si la kudharauliwa.

Hata hivyo, tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Katika jimbo la Utah, Marekani, waliangaliwa watu zaidi ya laki moja waliopimwa korona, na haukuonekana uhusiano wowote baina ya kundi la damu na kuambukizwa, kulazwa wala kufariki. Anayesema "wataalamu wamethibitisha damu O haifi" amechukua nusu ya habari, na hata hiyo nusu ameiongezea chumvi. Hakuna utafiti hata mmoja katika huo tulioutaja uliosema kwamba mwenye O hafi. Uliokwenda mbali kabisa ulisema hatari yake ni ndogo kuliko ya mwenziwe.

Tupige hesabu pamoja

Tuukubali kwanza utafiti uliowapendelea zaidi wenye O, ule wa Italia na Hispania, halafu tuone unatufikisha wapi. Tuchukue vijiji viwili, kila kimoja kikiwa na watu 1,000 walioshikwa na maradhi makali. Kijiji cha kwanza wenye O ni 400. Cha pili ni 550. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kwa mfano tu kwamba wasiokuwa na O wanakufa 10 katika kila 100, na wenye O wanakufa 6 na nusu.

Katika kijiji cha kwanza, wale 600 wasiokuwa na O watafiwa na 60, na wale 400 wenye O watafiwa na 26. Jumla 86. Katika kijiji cha pili, wale 450 watafiwa na 45, na wale 550 watafiwa na kiasi ya 36. Jumla 81.

Tofauti yote iliyoletwa na damu ni baina ya 86 na 81. Na tofauti ya kundi O baina ya nchi nyingi za Ulaya na nchi zetu iko katika kadiri hiyo, kwani kule ni kiasi ya watu wanne katika kila kumi na huku ni kiasi ya nusu ya watu. Wakati nchi moja inatangaza vifo mara kumi au mara hamsini kuliko nyengine, damu peke yake haiwezi kuibeba tofauti hiyo. Lazima tutafute jambo jengine.

Peru: nchi ya damu O

Iko nchi ambayo inatosha kuwa ushahidi. Peru, iliyoko Amerika ya Kusini, ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi zaidi wa kundi O duniani, kwa sababu wenyeji wa asili wa bara lile karibu wote wana damu hiyo. Kiasi ya watu saba katika kila kumi nchini humo ni O. Lau damu O ingekuwa ngao, Peru ingekuwa ya mwisho kulia.

Na ilikuwaje? Serikali ya Peru iliwafungia watu ndani mapema, katikati ya Machi 2020, kabla ya majirani zake wengi. Pamoja na hayo, mwishoni mwa Mei 2021, baada ya kuzipitia upya kumbukumbu za vifo, nchi hiyo ilipandisha idadi ya waliokufa kwa korona kutoka 69,342 hadi 180,764. Hiyo ni zaidi ya maiti 5,000 katika kila watu milioni moja, kiwango cha juu kuliko nchi yoyote iliyotangaza hesabu zake.

Waliochunguza sababu walizikuta katika maisha ya watu. Zaidi ya saba katika kila kumi ya wanaofanya kazi Peru wanaishi kwa kibarua na biashara ndogo ndogo, leo wanatafuta cha leo. Karibu nusu ya nyumba hazikuwa na friji, kwa hivyo amri ya kukaa ndani haikumzuia mama kwenda sokoni kila siku, na masoko yakawa ndiyo mahali pa kuambukizana. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 30. Oksijeni iliadimika, jamaa za wagonjwa wakapanga foleni usiku na mchana na mitungi mikononi, na bei ikapanda hadi masikini akaishia kuitazama kwa macho.

Tunawaomba wasomaji wetu wayatafakari hayo. Mtu wa kibarua anayekwenda sokoni kila siku, ambaye nyumba yake haina friji na hospitali yake haina mitungi ya kutosha, hatuhitaji kumtafuta Amerika ya Kusini. Tunaishi naye. Tunachofanana na Peru ni hicho, na damu O tunayojisifia wao wanayo zaidi kuliko sisi.

Umri ndio uliozidi yote

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tafiti zote zimekubaliana. Watafiti waliokusanya takwimu za mwaka 2020 kutoka nchi zenye uwezo, kabla ya chanjo kupatikana, walipata hesabu hizi: katika watu 10,000 wenye umri wa miaka 25 walioambukizwa, alikufa mmoja. Wenye miaka 55, walikufa 40. Wenye miaka 65, walikufa 140. Wenye miaka 75, walikufa 460. Na wenye miaka 85, walikufa 1,500.

Tafadhali yalinganisheni haya na yale ya damu. Damu ilibadilisha 86 ikawa 81. Umri unabadilisha mmoja akawa elfu moja na mia tano.

Italia, karibu mtu mmoja katika kila wanne ana miaka 65 au zaidi. Tanzania hawafiki watano katika kila mia. Nusu ya Watanzania hawajatimiza miaka 19. Nchi ya watoto na vijana itafiwa kidogo na maradhi yanayoua wazee, hata wakiambukizwa wote. Mfano ulio wazi ni Qatar. Mwaka 2020 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoambukizwa sana kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, lakini vifo vikawa vichache. Sababu kubwa ni kwamba wakaazi wake wengi ni vijana waliokwenda kufanya kazi, na wenye nguvu zao. Hakuna aliyesema Qatar iliokolewa na kundi la damu.

Lakini hapa pana jambo ambalo wanaojisifia ujana wetu hulisahau. Uchache wa wazee unaipunguzia nchi idadi ya vifo. Haumpunguzii mzee hatari yake hata chembe. Bibi wa miaka 75 wa Wete au Makunduchi hapati kinga yoyote kwa sababu mtaa wake umejaa watoto. Kinyume chake, watafiti waliolinganisha nchi masikini na nchi tajiri waliona kwamba ukichukua watu wa umri mmoja, wa nchi masikini hatari yao ya kufa ilikuwa kiasi ya mara mbili, kwa sababu huduma ni chache.

Mwaka 2021 ulitoka pia utafiti uliowafuatilia wagonjwa mahututi wa korona 3,077 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika. Karibu nusu yao walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia kwa wagonjwa wa aina hiyo ulikuwa chini ya theluthi moja. Basi yale maneno kwamba "Mwafrika hafi" tuyaweke wapi?

Maradhi mengine, kazi na nyumba

Baada ya umri yanakuja maradhi ambayo mtu anayo kabla. Nchini Uingereza zilichunguzwa kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17. Ilionekana kwamba wanaume walikufa zaidi kuliko wanawake, na vivyo hivyo wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanene kupita kiasi na wakaazi wa mitaa ya kimasikini. Kisukari na unene ni mambo ambayo sisi tunayajua vizuri, kwani hakuna ukoo visiwani usiokuwa na mgonjwa wa sukari au presha.

Uingereza pia ilitupa somo linalowahusu Waislamu moja kwa moja. Madaktari wanne wa mwanzo kutangazwa kufariki kwa korona nchini humo wote walikuwa Waislamu waliotoka nje, wakiwamo Wasudani. Ripoti ya serikali ya Juni 2020 ilionyesha kwamba watu wenye asili ya Bangladesh walikuwa na hatari ya kufa kiasi ya mara mbili ya Waingereza weupe, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na umasikini wa mtaa.

Hapa napo urithi ulitajwa. Wataalamu waligundua kipande cha urithi, mbali na kundi la damu, kinachozidisha ukali wa maradhi haya. Wanacho kiasi ya nusu ya watu wa Asia ya Kusini, na kiasi ya watu 16 katika kila 100 wa Ulaya, na Afrika karibu hakipo. Hatuwezi kukikanusha. Lakini jamaa zetu walioko kule wanaijua picha nzima: baba dereva wa teksi, mtoto anafanya kazi hospitali, babu na bibi wamo nyumba hiyo hiyo, na vyumba ni vitatu. Weusi wenye asili ya Afrika, ambao kipande kile karibu hawana, nao walikufa Uingereza kwa kiwango kilichowapita weupe. Maana yake ni kwamba kazi ya mtu na nyumba anayolala vilikuwa na neno kubwa.

Na ile chanjo ya kifua kikuu?

Mwaka 2020 watu walichora ramani mbili, moja ya nchi zinazochanja watoto kifua kikuu na moja ya vifo vya korona, wakaona zinapishana, wakasema chanjo ile ndiyo kinga. Sauti hiyo ilifika kwetu haraka. Lakini nchi zinazochanja kwa wingi ndizo hizo hizo zenye vijana wengi, na nyingi katika hizo hazina hesabu kamili za vifo. Jambo lilipopimwa ipasavyo, kwa kuwachanja baadhi ya wafanyakazi wa afya na kuwaacha wengine, karibu watu 4,000 katika nchi tano, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha kinga yoyote dhidi ya korona. Chanjo ile ina faida yake kwa watoto wetu dhidi ya kifua kikuu, na mzazi asiiache. Lakini ramani mbili kufanana si ushahidi kwamba moja imeisababisha nyengine.

Maiti wasiohesabiwa

Liko suala jengine ambalo ni gumu kulisema, na lazima lisemwe. Tunapodai kwamba hatukufiwa, tumejuaje?

Zambia, jirani yetu, watafiti walipima maiti 364 walioletwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Lusaka baina ya Juni na Septemba 2020. Maiti 70 walikutwa na kirusi cha korona. Karibu robo tatu ya hao walifia majumbani, wala hakuna hata mmoja wa waliofia majumbani aliyekuwa amepimwa kabla ya kufa. Katika hesabu za serikali, watu hao hawakuwamo. Wakati ule ule watu wa mji huo walikuwa wakiambiwa Afrika imesalimika.

Tanzania, hesabu zilizotangazwa mwaka 2020 ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikasita hadi mwaka uliofuata. Februari 2021, Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, Allah amrehemu, akiwa na miaka 77. Chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ameambukizwa korona. Wengi wetu tuliwazika wazee katika miezi ile, mmoja baada ya mwengine, na ikisemwa ni pumu, au kifua, au "changamoto ya kupumua". Sote ni mashahidi wa janaza zile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipata vifo milioni 14.9 zaidi ya kawaida, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa kiasi ya milioni 5.4. Katika pengo hilo wamo na wetu.

Kwa hivyo tunapolinganisha Peru na nchi zetu, tukumbuke kwamba Peru ilirudi ikahesabu maiti wake. Nchi isiyohesabu hutokea kuwa na afya nzuri katika karatasi.

Kinga ya damu ina bei yake

Anayejisifia damu yake na asikilize na haya. Wenye kundi O wanaonekana kupata nafuu ya malaria kali, na huenda ndiyo sababu wakawa wengi katika nchi zenye mbu. Lakini katika kipindupindu, wenye O ndio wanaozidiwa zaidi wakishapata. Na sisi ni watu wa visiwa ambavyo kipindupindu kimevipiga vizazi kwa vizazi. Daktari James Christie, aliyeishi Unguja zama za masultani, aliandika kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki na kukichapisha mwaka 1876. Damu ile ile inayosemwa ni ngao katika maradhi moja ni udhaifu katika maradhi mengine.

Ndivyo ilivyo pia kwa siko seli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kubeba chembe moja ya siko seli hulindwa na malaria kali. Lakini wakioana wawili wenye kubeba, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Hapa ndipo vijana wetu wanaotaka kuoana wanapopaswa kupima damu, badala ya kuulizana nani O na nani A.

Mtazamo wa sheria

Ulamaa wameweka kanuni kwamba kitu huitwa sababu kwa njia mbili: ama kimethibiti katika Qur-ani na Sunna, ama kimethibiti kwa uzoefu na uchunguzi ulio wazi. Anayekifanya kitu kuwa kinga bila ya moja katika mawili hayo, akauegemeza moyo wake juu yake, anakaribia yale yale ya mwenye kuning'iniza hirizi. Kundi la damu limethibiti kuwa huenda likapunguza hatari kidogo. Halikuthibiti kuwa ni kinga. Kwa hivyo kuliegemea na kuacha sababu zilizothibiti si tawakkul. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumfunga ngamia kwanza kisha kutegemea, ametukataza kuingia katika mji wenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia, na amekataza mifugo wagonjwa kupelekwa kwa wazima.

Masahaba walilifahamu hilo. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aliwashauri watu kisha akarudi. Abu Ubaida (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake likawa na maana kwamba anatoka katika qadari moja ya Allah na kwenda katika nyengine. Tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, iliwachukua Abu Ubaida na Muadh bin Jabal (R.A.). Abu Ubaida ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Nani leo ana damu au nasaba ya kumpita huyo? Na nani atasema aliyekufa kwa maradhi ya kuambukiza imani yake ilipungua, hali ya kuwa tumefundishwa kwamba Muislamu anayekufa kwa tauni ana ujira wa shahidi?

Na tusidhani kuhesabu maiti ni jambo la wageni. Imamu Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti watatu kwa tauni, aliandika kitabu mahsusi juu ya maradhi hayo. Humo ameeleza yaliyotokea Cairo mwaka 833 Hijria. Vifo vilikuwa chini ya 40 kwa siku, watu wakafunga saumu, wakatoka kwa pamoja kwenda jangwani kuomba dua, na haukupita mwezi ila vifo vikawa zaidi ya 1,000 kwa siku. Mwanachuoni mkubwa wa hadithi hakuona aibu kuandika hesabu ambayo watu hawakupenda kuisikia.

Ama swali la mwenye kumuambukiza mzazi wake: asiyejua kuwa ni mgonjwa, wala hakuzembea, hana dhambi. Lakini aliyejua, au alionywa na dalili zipo, kisha akaficha na kumuingilia mzee kwa kuamini damu yake haipati, huyo amezembea. Analazimika kutubia, na kama mzazi yuko hai, amuombe radhi. Kanuni ya sheria yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba iwajue watu wake wenye hatari, yaani wazee, wenye sukari, presha, pumu na siko seli. Maradhi ya kuambukiza yakija, hao ndio wa kulindwa mwanzo. Mjukuu mwenye homa na kikohozi asipelekwe kulala kwa bibi.

Pili, sukari na presha zitibiwe sasa, wakati hakuna janga. Dawa inayoachwa leo kwa sababu mtu "anajisikia vizuri" ndiyo itakayomgharimu kesho.

Tatu, vifo viandikishwe. Mtu akifia nyumbani, baada ya kumzika, familia ipeleke taarifa kwa sheha na katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na isemwe sababu ya kweli kwa kadiri inavyojulikana. Hakuna aibu kwa maiti wala kwa waliobaki. Bila ya hesabu hizo, mwenye kupanga vitanda na mitungi ya oksijeni anapanga kwa kubahatisha.

Nne, mwenye kujua kundi lake la damu, na tukasema kila mtu alijue, alitumie pale linapofaa. Benki ya damu ina haja ya wachangiaji kila siku, kwa mama anayejifungua na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Wenye O ndio wanaotafutwa zaidi, kwa sababu chembe nyekundu za O hasi hupewa mgonjwa wa kundi lolote inapokuwa dharura. Anayejisifia damu yake akaitoe huko, apate thawabu.

Tano, maimamu na walimu wa madrasa wasikubali kufikisha habari ya tiba kabla ya kuiuliza kwa wenye elimu yake. Neno likitoka juu ya mimbari watu hulichukua kuwa ni dini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote tuliowazika katika miaka ile, waliohesabiwa na wasiohesabiwa, awape ujira wa mashahidi, awaponye wagonjwa wetu, na atulinde sisi na wazee wetu na kila balaa, yenye kudhihiri na yenye kujificha. Amin.

Wallahu a'lam.